Waiyaki wa Hinga na Handaki la Mgeni

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili huwa nimekwisha simama kwenye steji ya Uthiru nikingoja matatu ya kuelekea mjini, na kila jioni hurudi kwa njia iyo hiyo. Juzi nilipiga hesabu nikaona kwamba tangu niingie kidato cha kwanza nimepita kwenye barabara ya Waiyaki Way mara elfu moja hivi, kwenda na kurudi. Hata hivyo, kama ungeniuliza mwaka jana Waiyaki alikuwa nani, ningekodoa macho tu kama samaki aliyevuliwa.

Siku moja katika muhula wa kwanza tulikwama Kangemi. Magari hayaendi mbele wala nyuma, mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa. Wanaume wawili waliokuwa nyuma yangu wakaanza kubishana. Wa kwanza alishikilia kwamba Waiyaki alikuwa Mhindi mwenye kandarasi aliyeijenga barabara hii. Wa pili akasema la, alikuwa waziri wa serikali. Walipomwomba makanga awaamue, yeye akasema kwamba kwake Waiyaki ni foleni tu. Abiria tukaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini moyoni niliona haya, maana sikuwa na jibu bora kuliko lao. Baadaye niligundua kwamba yule wa pili hakukosea sana: Dkt. Munyua Waiyaki, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje miaka ya 1970, ni wa ukoo huo. Lakini barabara si yake. Ni ya mzee wa zamani zaidi, aliyekufa mwaka wa 1892 akiwa mfungwa, mbali na nyumbani kwake.

Basi mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotuagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu walikimbilia Mekatilili na Shaka Zulu. Mimi nikasema nitaandika juu ya Waiyaki wa Hinga. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi, na kwamba Guka, yaani babu yangu, atanisaidia kwa furaha. La hasha! Guka alitikisa kichwa, akaniambia kwamba huyo ndiye aliyewafungulia Wazungu mlango, na kwamba nchi nzima ilipitia kwenye mlango huo ikaenda. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata nilipotafuta majibu ya kumpelekea Guka.

Waiyaki alizaliwa katika karne ya 19, na mwaka wenyewe haukuandikwa popote, kwa sababu siku hizo watu walihesabu rika na wala si kalenda. Aliishi upande huu wetu wa Kabete na Dagoretti. Leo ukitaja Dagoretti watu wanafikiria soko la nyama, lakini zamani hapa palikuwa ukingoni mwa nchi. Upande wa kaskazini na magharibi kulikuwa na mashamba ya Wakikuyu, viazi vitamu, mtama, ndizi na maharagwe. Upande wa kusini kulikuwa na mbuga za Wamaasai. Katikati uliachwa msitu mnene, na msitu huo haukuachwa bure. Ulikuwa ndio ukuta. Njia za kupenya zilikuwa nyembamba, na mahali pengine palichimbwa mashimo, ndani yake kukasimamishwa vijiti vilivyochongwa ncha, juu yakafunikwa majani. Mwenyeji alijua pa kukanyaga. Mvamizi aliyekuja usiku alijua akishaanguka.

Usifikiri lakini kwamba mpaka huo ulikuwa wa vita tu. Wakikuyu na Wamaasai waliuziana chakula, ngozi na mifugo, wakaoana, na wakati wa njaa walikimbiliana. Mtu aliyeishi mpakani alilazimika kujua kupigana na pia kujua kuzungumza, na Waiyaki alizijua kazi zote mbili. Vitabu vingi vya Wazungu vinamwita chifu mkuu. Hapo naomba tusimame kidogo. Wakikuyu hawakuwa na chifu wala mfalme. Mambo yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na mtu mwenye hekima na ushujaa alisikilizwa akaitwa muthamaki, yaani msemaji wa watu wake. Muthamaki hakuweza kuuza nchi, hata kama angetaka, kwa kuwa nchi haikuwa yake. Nitalirudia jambo hili, kwa maana ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Wageni walianza kuja kwa sababu ya chakula. Misafara ya kutoka Pwani, iliyokuwa na mamia ya wapagazi, ilipiga kambi karibu na Ngong kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, na hapo ikanunua vyakula kutoka kwa Wakikuyu. Mara nyingine ilinunua, mara nyingine ilipora, kwa hiyo watu walijifunza kuwashuku wageni wenye bunduki. Mwaka wa 1887 akaja Teleki, mtu wa ukoo wa kifahari kutoka nchi ya Hungaria, na msafara mkubwa. Waiyaki alimpokea na kumsaidia kupita. Nadhani aliona kwamba mgeni wa namna hii ni afadhali umwongoze wewe mwenyewe kuliko kumwacha ajitafutie njia.

Hatimaye mnamo Oktoba 1890 akafika Kapteni Frederick Lugard. Alikuwa ameajiriwa na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa ruhusa na Malkia wake kufanya biashara na kutawala. Safari yake ilikuwa ya Uganda, ila Kampuni ilitaka kituo njiani ambapo misafara ingepumzika na kupata chakula. Lugard alipapenda Dagoretti. Yeye na Waiyaki wakala kiapo cha undugu wa damu, wakawa ndugu. Waiyaki akamruhusu kujenga.

Hapa ndipo Guka hunishika. Kwa nini alimruhusu? Mimi humjibu kwamba mila ya Wakikuyu inamjua muhoi, mtu anayepewa mahali pa kujenga na kulima kwa urafiki tu. Muhoi hula, hulala, huvuna, lakini ardhi inabaki kuwa ya mwenyewe, na urafiki ukiisha huombwa aondoke. Naamini Waiyaki aliona anampa ndugu yake mahali pa muhoi. Lugard naye aliona anatia sahihi mkataba. Wawili hawa walishikana mikono, na kila mmoja akaondoka na jambo lake kichwani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hakungoja kupewa. Alilishika jembe mwenyewe, na kazi ya kwanza aliyoifanya nalo haikuwa kupanda. Alijenga boma la magogo, akalizungushia handaki.

Mpenzi msomaji, handaki ni kitu rahisi kueleza na kigumu kuchimba. Watu wanachimba mtaro mpana kuzunguka ngome, na udongo unaotoka wanautupa upande wa ndani mpaka uwe tuta. Kwa hiyo kila futi moja ya kina humwongezea adui karibu futi mbili za kupanda, moja ya shimo na moja ya tuta. Juu ya tuta hupandwa magogo. Mlangoni huachwa njia nyembamba ambayo walinzi wanaweza kuifunga mara moja. Mtu aliye ndani anaona nje, aliye nje haoni ndani. Sasa jaribu kujiweka katika nafasi ya Waiyaki. Umemkaribisha mtu, mmekula kiapo, kisha asubuhi unatoka kwako unamkuta anachimba shimo kati yako na yeye. Mimi ningeuliza, na nina hakika kwamba hata yeye alijiuliza. Mtu wa mpakani anajua mashimo huchimbiwa nani.

Kwa haki ya Mungu, Lugard mwenyewe aliishi na majirani vizuri. Aliwasifu Wakikuyu kuwa waaminifu, akawalipa alichonunua. Ila tarehe 1 Novemba 1890 alifunga safari kwenda Uganda, akamwacha ofisa mmoja aitwaye George Wilson na askari wachache. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Kampuni haikuleta bidhaa za kubadilishana na chakula, na askari wenye njaa na bunduki hawangoji kupikiwa. Waliingia mashambani wakajichukulia. Watu wakakasirika, wakaizingira ngome. Mwanzoni mwa mwaka wa 1891 risasi zilikwisha, Wilson akatoroka kwenda Machakos na watu wake, na ngome ya Dagoretti ikateketezwa kwa moto. Handaki halikusaidia kitu. Halizuii njaa.

Kampuni ilirudi na nguvu. Wakikuyu wa pale waliadhibiwa kulipa mbuzi 50 kwa siku, na kutoa watu 300 wa kuijenga upya ngome. Niliposoma hesabu hiyo niliinua macho nikatazama nje ya dirisha. Watu 300! Hao ndio wenyeji. Sasa hata jembe wanapewa wao, na mgeni ndiye anayesimamia.

Mwaka uo huo Kapteni Eric Smith akachagua mahali pengine, Kabete, karibu na kwa Waiyaki, akajenga ngome iliyoitwa kwa jina lake, Fort Smith. Hii ilikuwa imara kuliko ile ya kwanza. Ilikuwa na handaki na pia seng'enge yenye miiba, kitu ambacho labda watu wengi wa Kabete walikuwa hawajakiona. Waiyaki aliendelea kuzungumza nao. Kuna siku alileta chakula, kuna siku alikasirika akakaa mbali. Wazungu waliandika kwamba ni kigeugeu. Mimi nasema, je, wao waliokula kiapo cha undugu halafu wakazungusha seng'enge walikuwa na uso mmoja?

Naomba niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu jambo hili lilinishangaza darasani. Mwalimu wa Historia alikuwa akitufundisha juu ya Dola ya Roma, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nasinzia. Mara nikasikia handaki. Nikaamka. Kumbe hao Waingereza nao waliwahi kutawaliwa! Warumi waliivamia nchi yao mwaka wa 43 baada ya Kristo. Mwaka wa 122, Kaisari Hadrian akaamuru ujengwe ukuta wa mawe kukata nchi toka bahari hadi bahari, zaidi ya kilomita 110, na handaki upande wa kaskazini. Nyuma ya ukuta, upande wa kusini, wakachimba handaki jingine lenye matuta mawili, upana wake kama mita 6 na kina kama mita 3. Fikiria basi: la mbele la kuwazuia watu wasiotawaliwa, la nyuma la kuwazuia wanaotawaliwa wasikaribie ukuta ovyo. Miaka ishirini baadaye, mnamo 142, Kaisari Antoninus akasogea mbele akajenga ukuta mwingine huko Scotland, huo wa udongo na mabonge ya nyasi, kilomita 60 hivi. Handaki lake mahali pengine lilifika upana wa mita 12 na kina cha mita 5. Penye ngome moja iitwayo Rough Castle wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta safu za mashimo madogo yaliyokuwa na vijiti vya ncha ndani yake. Nilipoona picha yake nilikumbuka mara moja mashimo ya msitu wa Dagoretti. Watu wasiojuana kabisa, na miaka elfu moja na mia kadhaa kati yao, shimo ni lile lile.

Ukuta huo wa Scotland uliachwa baada ya miaka kama ishirini hivi. Warumi wakarudi nyuma, na wenyeji wakaendelea kulisha kondoo wao kwenye handaki. Ama kweli nilijiuliza kama Kapteni Smith, alipokuwa anapima mtaro wake Kabete, alikumbuka kwamba babu zake waliwahi kusimama upande wa nje.

Turudi Kabete. Mwaka wa 1892 Fort Smith ilikuwa chini ya mtu aitwaye William Purkiss. Mwezi wa Agosti watu kadhaa wa ngome waliuawa katika ugomvi kwenye kijiji kimoja cha jirani. Wazungu wakaondoka na askari kwenda kukiadhibu. Walipofika wakakuta watu wengi wametoroka na mifugo yao, na mara wakamshuku Waiyaki kwamba ndiye aliyewaonya. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Msemaji wa watu asipowaonya watu, ni wa nini?

Usiku wa tarehe 14 Agosti Waiyaki alikwenda ngomeni. Alilivuka handaki akaingia ndani kabisa, peke yake kati ya bunduki. Wazungu waliandika kwamba alikuwa amelewa. Wengine husema alikwenda kudai haki ya watu wake. Wote wanakubaliana juu ya yaliyofuata: yeye na Purkiss walibishana, sime ikachomolewa, wakashikana, na Waiyaki akapigwa kichwani akajeruhiwa. Akatiwa minyororo akalala pale nje, ndani ya ngome iliyojengwa karibu na nyumbani kwake. Kesho yake wakamfanyia baraza wakakata shauri ahamishiwe Pwani. Tarehe 17 akaondoka, mfungwa wa msafara wa Kapteni Macdonald, aliyekuwa anarudi kutoka kupima njia ya reli.

Hakufika baharini. Jeraha la kichwa lilizidi, na mapema Septemba 1892 akafa huko Kibwezi, kama kilomita 200 kutoka hapa, akazikwa huko huko. Kibwezi kulikuwa na misheni ya watu wa Scotland, iliyoanzishwa mwaka wa 1891, na miaka michache baadaye misheni hiyo ilihamia huku kwetu Dagoretti, kisha Thogoto. Kwa upande wa Wakikuyu habari ilisafiri kwa njia nyingine. Ilisimuliwa kwamba Waiyaki alizikwa akiwa hai, kichwa chini miguu juu. Guka aliisikia hivyo kwa mama yake, na shuleni kwetu zaidi ya nusu ya wanafunzi wanaijua hivyo. Maandishi ya wakati ule hayasemi hivyo, nami nimeamua kuandika kwamba alikufa kwa jeraha. Lakini naelewa kwa nini watu walisimulia vile. Kumtoa mzee katika nchi yake na kumlaza katika udongo asioujua, kwao ilikuwa ni kumpindua.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote. Mapema mwaka wa 1893, miezi michache tu baada ya kifo hicho, mjumbe wa serikali ya Uingereza, Sir Gerald Portal, alipita Fort Smith akienda Uganda. Alikuta Wazungu hawawezi kutoka nje ya ngome hata yadi 200 bila kusindikizwa na watu wenye bunduki. Yadi 200 ni kama kutoka lango la shule yetu hadi dukani. Portal hakuwalaumu Wakikuyu. Aliilaumu Kampuni, kwamba kwa kupora, kutolipa na kufyatua risasi ovyo ndiyo iliyoifanya nchi yote iwe adui. Yaani lile handaki, lililochimbwa kumzuia Waiyaki asiingie, sasa lilikuwa linawazuia wenyewe wasitoke. Wakati alipokuwa hai walitembea. Walipomwua wakajifunga.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Kampuni ilishindwa gharama, na mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi. Wazungu wakamwinua mtu wao, Kinyanjui wa Gathirimu, wakamfanya chifu mkuu, cheo ambacho hakikuwapo, na akadumu nacho hadi alipokufa mwaka wa 1929. Reli ikafika Nairobi mwaka wa 1899, mji ukaota penye matope, na Fort Smith ikakosa kazi. Lugard alipata vyeo vikubwa, na jina lake bado liko kwenye maporomoko ya maji ndani ya Tsavo. Lakini angalia hili. Barabara yetu pale Westlands zamani iliitwa Sclater's Road, kwa jina la Kapteni Sclater aliyepasua njia ya magari ya ng'ombe kuelekea Uganda. Njia yake ilianzia wapi? Kibwezi! Baada ya Uhuru jina likabadilishwa likawa Waiyaki. Basi mzee amewekwa juu ya njia ile ile inayotoka upande wa kaburi lake kuja nyumbani kwake.

Nilimpelekea Guka haya yote nikiwa nimeyaandika kwenye daftari. Alisoma polepole, miwani imeteremka puani. Alipofika penye handaki la Fort Smith akaacha kusoma, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, ingawa nimekaa naye nyumba moja maisha yangu yote.

Guka alizaliwa Mathira, Nyeri, mwaka wa 1948. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni iliamua kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na watu waliowapelekea chakula. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya, maili 50, upana futi 16, kina futi 10, ndani likajazwa seng'enge na mianzi iliyochongwa. Wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Mama yake Guka alikuwa mmoja wao. Aliondoka kabla ya alfajiri na jembe begani, akarudi usiku, mikono imepasuka. Hawakulipwa. Guka alikuwa na miaka sita, na kazi yake ilikuwa kumlinda mdogo wake na kungoja. Ndugu ya mama yake alikuwa ndani ya msitu. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mama huyo alikuwa akichimba handaki kati yake na ndugu yake wa tumbo moja, na alijua.

Baada ya kunisimulia Guka hakusema neno. Wiki iliyofuata, Jumamosi, alivaa koti lake la kanisani akaniambia twende tukaone ilikokuwa Fort Smith. Jina hilo bado liko huko Kabete mpaka leo. Tulishuka kwenye matatu tukatembea tukiulizia, jua la saa tano likituchoma utosini, mpaka tukampata mama mmoja akipalilia maboga. Alitukaribisha vizuri, akatupa maji, akatuonyesha mtaro ulioota majani ya ng'ombe, akasema nyanya yake alimwambia kwamba ni handaki la Mzungu. Moyo wangu ulidunda! Nikatoa daftari.

Guka aliweka bakora kando, akateremka mtaroni. Kina kilimfika magotini tu. Akautazama udongo, akauliza mteremko unaelekea wapi, akatembea hatua kama ishirini huku na huku. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alieleza kwamba udongo ulikuwa umetupwa upande wa juu, na mtaro wenyewe ulikingama mteremko moja kwa moja, wala hauzunguki kitu. Huo ni mtaro wa kuzuia mmomonyoko, ule tunaoita fanya juu. Yule mama hakukubali hata kidogo. Waliagana wakicheka, kila mmoja na lake, na tukapewa maboga mawili.

Tukiwa njiani kurudi Uthiru, boga moja kwenye paja langu na jingine kwenye lake, Guka aliniuliza nauli ya kwenda Kibwezi ni pesa ngapi. Nikamwambia sijui, nitauliza. Akasema niulize ya watu wawili, kwenda na kurudi.